Anko Yupi?

Msibani kwa Zuhura nilikwama mlangoni kwa sababu ya swali. Nilikuwa nimetoka Dodoma na basi la asubuhi, nimejifunga kanga na mtandio kichwani kama inavyotakiwa kwenye nyumba ya Kiislamu, na wanawake walikuwa wamejaa kwenye mikeka mpaka barazani. Binti mmoja aliyekuwa anapokea wageni akaniamkia, akanishika mkono kwa adabu, kisha akaniuliza mimi ni nani kwa marehemu. Hakuwa na ubaya wowote. Alitaka kujua anikalishe wapi, maana wafiwa wa karibu walikuwa chumba cha ndani, na majirani na watu wengine walikuwa uani. Mimi nimefundisha chuo kikuu mpaka nikastaafu, na sehemu kubwa ya kazi yangu imekuwa kuuliza swali hilohilo juu ya watu wa mbali: huyu ni nani kwa yule. Siku ile nimeulizwa mimi, nikabaki nimekumbatia mkoba wangu. Jibu nililokuja kumpa binti yule lilitoka katika mwaka mmoja niliokaa na Zuhura nyumba moja, kwa hiyo nitausimulia mwaka huo kwanza. Wanafunzi wangu walikuwa wakinilalamikia kwamba siku zote naanzia mbali, na bado sijajirekebisha.

Tulikuwa walimu wapya, tumetoka chuo kikuu Dar es Salaam, tumepangiwa shule ya sekondari moja nje kidogo ya mji wa Singida, upande wa njia ya Ilongero. Mimi nilifundisha historia, yeye Kiswahili. Tulipewa nyumba ya vyumba viwili na sebule, paa la bati, jiko la nje, na upepo wa Singida ambao ulikuwa unapita chini ya mlango na kutuwekea mchanga kwenye sahani. Mimi ni Mnyaturu wa kijijini na Mlutheri, Kiswahili changu nilikipatia shuleni. Zuhura alikuwa mtoto wa mjini, nyumba ya wafanyabiashara, bibi yake alikuja bara kutoka Bagamoyo akiwa bi harusi. Alikuwa ananizidi miezi michache tu, lakini miezi hiyo aliitumia kikamilifu. Kila asubuhi alisimama mlangoni kwangu na mswaki mdomoni akisubiri nimwamkie shikamoo, na nisipomwamkia hanipi chai. Nilikuwa naona ni uonevu. Nikimjibu kwa ukali, ananisahihisha Kiswahili changu kwanza ndipo anakasirika. Jioni tulikula ugali wa uwele na mlenda nikipika mimi, na wali akipika yeye, wote tukichota kwenye sufuria moja kwa sababu tulikuwa wavivu wa kuosha vyombo na kwa sababu maji yalitoka mbali.

Mwaka ule nilikuwa na jambo moja tu kichwani. Nilitaka kwenda kusoma shahada ya pili, na nilitaka kusomea historia na lugha za Asia ya Mashariki, yaani China na nchi za jirani zake. Hakuna aliyenituma. Nikiwa chuoni nilisoma kozi moja fupi ya historia ya China, mwalimu wake alikuwa anakohoa tu na kuangalia saa, lakini mimi nilitoka mle darasani nimewashwa na hamu ambayo haikupoa tena. Nchi kubwa kiasi kile, watu wanalima, wanazika, wanaoana, wanagombania mipaka ya mashamba, nami sijui hata wanaamkianaje. Niliandika maombi kwa vyuo vitatu, kimoja Uingereza, kimoja Marekani na kimoja Japani. Mambo mawili yalisimama mbele yangu. La kwanza, kila chuo kilitaka maelezo yangu mwenyewe, kwa nini somo hili na ninataka kuchunguza nini. La pili, mimi ni mtumishi wa serikali, na bila ruhusa ya kamati ya mkoa hata chuo kinikubali siendi popote.

Maelezo yale yalinitesa. Niliandika juu ya urafiki wa mataifa yetu, mapambano ya wakulima na wafanyakazi, umuhimu wa kujifunza kwa wengine waliojitegemea. Yote yalikuwa kweli, na nilikuwa nayaamini, lakini hayakuwa yangu. Zuhura alikuwa mkaguzi wangu. Alikaa kwenye kiti kimoja kizima tulichokuwa nacho, akitafuna karanga, akasoma karatasi kwa sauti ya mtangazaji wa redio mpaka nikaona aibu kwa maneno yangu mwenyewe.

"Hii ni hotuba, Naomi," aliniambia. "Wewe unataka kujua nini?"

Nikamwambia nataka kujua kila kitu. Akasema anayetaka kila kitu hapewi nauli, akanirudishia karatasi ina maganda ya karanga.

Huku nyuma maombi yangu ya ruhusa yalikuwa yamepata ajali ya aina yake. Nilikuwa nimeandika kwa Kiswahili safi kwamba naomba kwenda kusomea Asia ya Mashariki. Mtu wa sasa ataelewa mara moja. Lakini kwetu, wakati ule, ukisema Asia mtu anamwona mwenye duka la vitambaa pale mjini. Waasia walikuwa ni Wahindi wetu, na mwaka ule majumba yalikuwa yametaifishwa na wengi wao walikuwa wanafunga maduka na kuondoka. Na ukisema Mashariki, mtu anasikia Afrika Mashariki, reli na posta na ile jumuiya yetu na Kenya na Uganda. Ukiyaweka pamoja maneno hayo mawili, unapata mwalimu kijana anayeomba ruhusa ya serikali kwenda ng'ambo kuwasomea Wahindi wa Afrika Mashariki. Mwalimu Mkuu aliniita ofisini, akafunga mlango, akaniuliza kwa upole wa mzazi kama kuna kijana wa Kihindi aliyeniahidi kitu. Nilicheka, na kucheka kwangu kukamfanya aamini kwamba yupo. Kutoka mkoani nako yakaja majibu kwamba suala la Waasia linashughulikiwa na ngazi za juu na halihitaji mwalimu. Zuhura alicheka mpaka akalala chini sakafuni. Mimi nililia, kwa sababu mlango ulikuwa umefungwa na watu ambao hawakujua ni mlango gani.

Niliomba kuitwa mbele ya kamati nijieleze kwa mdomo. Wakasema nisubiri. Nikasubiri, huku nikiendelea kufundisha, na ni katika kufundisha huko nikapata nilichokuwa nakitafuta bila kujua kwamba nakitafuta. Kidato cha tatu tulikuwa tunasoma habari za machafuko ya wakulima katika China ya zamani. Kitabu kilikuwa cha Kiingereza, na mlikuwa na kisa kifupi kilichotafsiriwa kutoka Kichina, cha kijana aliyefiwa na baba yake, kisha "uncle" wake akachukua ng'ombe na shamba, kijana akaondoka kijijini na mwishowe akajiunga na waasi. Chini yake swali la zoezi: kwa nini kijana aliondoka? Sheria ilikuwa tufundishe kwa Kiingereza, lakini nikiona macho yamelala nilikuwa nashuka kwenye Kiswahili. Nikawaambia: baba akafa, mjomba akachukua shamba. Nikageuka kuandika ubaoni.

Nyuma yangu darasa likaanza kunong'ona kwa Kinyaturu, halafu kwa Kiswahili, halafu wakaacha kunong'ona. Msichana mmoja wa Ikungi, Paskalina, ambaye kwa kawaida ulikuwa unamvuta neno kwa koleo, akasimama akasema mwalimu samahani, haiwezekani. Shamba la baba ni la ukoo wa baba, mjomba ni mtu wa ukoo mwingine kabisa, anachukuaje? Labda alikuwa baba mdogo. Kabla sijajibu, mvulana wa Kiomboi akasimama upande wa pili akasema kwao Wanyiramba, tangu zamani, mjomba ndiye mwenye neno kubwa juu ya mtoto kuliko hata baba, na yeye haoni ajabu yoyote. Darasa likagawanyika pande mbili. Wanyaturu walisema kama ni mjomba, basi huyo ni mnyang'anyi na kijana alipaswa kwenda kushtaki kwa wazee wa ukoo, asingekuwa na sababu ya kukimbia. Kama ni baba mdogo, hapo ndipo kijana hana pa kwenda, kwa sababu anayemdhulumu ndiye huyohuyo ambaye angemshtakia. Wanyiramba wakasema kinyume chake. Yaani jibu la swali la kitabu, kwa nini aliondoka, lilikuwa limefichika ndani ya neno moja ambalo Kiingereza kililifunika. Paskalina akauliza tena, taratibu, "Mwalimu, huyu anko ni anko yupi?" Nikasema sijui. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kulisema neno hilo mbele ya darasa, nami nilishangaa kuona kwamba nimefurahi.

Nilirudi nyumbani mbio. Zuhura alikuwa anachambua mchele. Nikamweleza huku nimesimama, na safari hii hakutafuna kitu. Akasema basi Jumapili twende kwa bibi, maana Mchina wa bibi atakuwepo.

Hapa inabidi nieleze Mchina wa bibi. Hospitali ya mjini ilikuwa imepata madaktari wa Kichina, na bibi yake Zuhura, Bibi Mwanaidi, alikuwa anatibiwa magoti kwa kuchomwa sindano ndogondogo ambazo alisema haziumi kama maneno ya wakwe zake. Madaktari hawakujua Kiswahili. Walikuwa na mkalimani wao, Ndugu Chen, mtu mwembamba mwenye miwani, na Ndugu Chen alikuwa amefundishwa Kiswahili huko kwao na walimu wa Unguja. Matokeo yake alikuwa anaongea Kiswahili cha pwani kilichonyooka ambacho sisi wa bara tulikuwa tunakisikia redioni tu. Alisema "ahsanta," alisema "inshallah," aliuliza wagonjwa wa Ilongero "umeamkaje na hali yako" na wao wakabaki wanamwangalia. Bibi Mwanaidi alikuwa hajasikia Kiswahili cha kwao kwa ufasaha ule tangu aolewe, akampenda mara moja, na kwa sababu ya ile inshallah akaamini kwamba ni Mwislamu aliyefichwa na serikali yake. Kila Jumapili aliwapikia. Wachina hawakuwa wanatembea peke yao, kwa hiyo Chen alikuja na daktari mmoja mzee asiyejua neno, ambaye alikula sana na kutabasamu.

Chumba cha bibi kilikuwa na kitanda cha besera chenye nguzo nne na paa la kitambaa, masanduku mawili ya mbao na harufu ya iliki. Tulikaa kwenye mkeka, tukaletewa kuku wa mchuzi wa nazi, nazi yenyewe imepanda lori kutoka pwani. Kabla ya kula palikuwa na shughuli ya kuamkiana, maana hakuna aliyeweza kujua umri wa Chen kwa kumtazama. Yeye kwa usalama alimwamkia kila mtu shikamoo, mpaka mtoto wa jirani aliyeleta maji, na mtoto akaitikia marahaba kwa furaha. Bibi akamuuliza waziwazi amezaliwa lini ili mambo yakae sawa. Mimi ndipo nikapata pa kuingilia. Nikamuuliza Chen kama kwao nako mkubwa na mdogo wana namna zao. Kisha nikamsimulia kisa cha kijana na shamba, nikamuuliza, je, anko huyo kwa Kichina ni nani?

Chen hakujua Kiingereza hata kidogo. Alilirudia neno "anko" akaniuliza maana yake, nami nikajikuta siwezi kulifafanua. Nikasema ni ndugu wa kiume wa baba, au wa mama, mkubwa au mdogo, na hata mume wa shangazi. Aliweka kijiko chini. Akauliza Waingereza wanawezaje kuishi hivyo. Akanyoosha vidole, akahesabu. Kaka wa baba, yaani baba mkubwa, ni bobo. Mdogo wa kiume wa baba, baba mdogo, ni shushu. Kaka wa mama, mjomba, ni jiujiu. Alisema kwa Kichina huwezi kuandika sentensi ile bila kuchagua, mwandishi wa kwanza alichagua, na aliyetafsiri kwa Kiingereza akalitupa njiani. Nikarudia maneno yale baada yake. Kinyaturu nacho kina kupanda na kushuka kwa sauti, kwa hiyo sikio langu halikuhangaika sana, na Chen akamgeukia daktari mzee akamwambia kitu, mzee akanipigia makofi. Kisha akataja shangazi: gugu. Bibi Mwanaidi akauliza tena, akaambiwa tena. Akasema katika maisha yake yote hajasikia shangazi akipewa jina linalomfaa kiasi hicho, maana yule wa kwao alikuwa gugu hasa, alimea palipolimwa. Chen alipofafanuliwa maana ya gugu kwa Kiswahili alicheka mpaka akavua miwani.

Lakini swali lenyewe alishindwa kulijibu. Alisema kisa kile hakijui, na bila kuona maandishi ya kwao atakuwa anabahatisha. "Itakubidi uende ukasome mwenyewe, Ndugu Naomi," aliniambia, kwa kile Kiswahili chake cha redio. Naikumbuka sentensi hiyo kuliko barua zote nilizopata baadaye. Tulikuwa tumekaa kwenye mkeka wa bibi, Mnyaturu na Mchina, na lugha pekee tuliyokuwa nayo kati yetu ilikuwa hii yetu, na ilikuwa imebeba yote niliyouliza bila kumwaga. Nilijiuliza ni mangapi mengine ambayo tumekuwa tukiyasoma kupitia neno finyu la watu wengine, wakati sisi na wao tuna maneno yanayolingana kama viatu vya jozi moja. Nilitoka pale sijaaga vizuri. Maelezo ya maombi niliyaandika jioni ileile, kwa Kiingereza, lakini baba mdogo, baba mkubwa na mjomba niliwaacha wakae kwa Kiswahili. Nilianza na Paskalina na nikamaliza na sijui. Zuhura alisoma kimya. Alipomaliza alisema nimekosea nukta mbili, na kwamba sasa nitaondoka kweli, kisha akaenda jikoni akakaa huko muda mrefu na hakuna alichokuwa anapika.

Kamati ilituita mwisho wa muhula. Nasema ilituita kwa sababu taratibu zilitaka mwombaji awe na mdhamini, ndugu wa karibu mwenye ajira ya serikali, atakayejibu iwapo mtu hatarudi. Watu wangu wote walikuwa wakulima. Zuhura alichukua karatasi, akaijaza bila kuniuliza, na penye uhusiano na mwombaji akaandika: ndugu. Nilimwambia watamkatalia. Akasema neno ni lao, wao ndio wamelitangaza.

Mwenyekiti alikuwa Mgogo wa makamo, mwenye sauti ya chini na kalamu mbili mfukoni. Aliniuliza kama Waasia ninaotaka kuwasoma ni wa Singida au wa Dodoma. Nikaeleza. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema basi ningeandika Wachina, Wachina wanajulikana, na mimi nimewapotezea muda kwa kuandika kwa mafumbo. Kisha akauliza lile swali tulilokuwa tumeliogopa wote, taifa litafaidika nini. Nilikuwa nimeandaa hotuba. Nikaiangalia, nikaiacha, nikawasimulia kisa cha kijana na ng'ombe na shamba, nikawauliza wao ni anko yupi. Mjumbe mmoja, Mnyiramba, akasema bila kusita ni mjomba. Mwingine, wa Ikungi, akamwuliza kwa heshima kama ni mgonjwa. Mwenyekiti akasema kwa Wagogo inategemea ng'ombe wale walitoka wapi, kama ni wa mahari au la. Katibu akasahau kuandika. Nina hakika kamati ya mkoa ilizungumzia mirathi ya yule kijana wa Kichina kwa muda mrefu kuliko ilivyonizungumzia mimi, na walipochoka Mwenyekiti akasema kwamba vitabu tunavyowapa watoto wetu vinapaswa kusema mambo kama hayo wazi, na kama hakuna wa kuvisahihisha basi labda awepo. Nikaanza kupumua.

Ndipo akaifikia karatasi ya mdhamini. Zuhura akaitwa kutoka kwenye benchi la nje, akaingia amevaa baibui lake, akaamkia, akasimama. Mwenyekiti akalitazama jina lake, akalitazama langu.

"Ndugu Zuhura, hapa umeandika wewe ni ndugu yake. Ndugu kwa vipi? Huyu Mlutheri wa kijijini, wewe mtoto wa mjini. Baba mmoja? Mama mmoja?"

"Hapana, Ndugu Mwenyekiti."

"Ukoo?"

"Hapana."

Akasema basi karatasi ni batili, na bila mdhamini ruhusa hakuna. Alisema kwa masikitiko, nadhani alisikitika kweli. Mimi niliona kila kitu kinaniporomokea, Paskalina, Chen, vidole vyake, vyote. Zuhura hakuondoka. Niliijua sauti aliyotumia, ni ileile ya kunisahihisha Kiswahili asubuhi na mswaki mdomoni.

"Tangu nimeingia humu umeniita ndugu, na mimi nimeitika," alisema. "Hukuniuliza kwa vipi. Huyu nimekula naye sufuria moja mwaka mzima. Kama neno hili ni la kuitana mikutanoni tu, niambieni nilifute, niandike jirani."

Wakati ule neno kama hilo lingeweza kumhamisha mtu akajikuta anafundisha mahali ambapo hata lori halifiki, na yeye alilijua hilo. Mwenyekiti alizungusha kalamu yake vidoleni. Sijui alikuwa anawaza nini. Aliuliza tu, kwa ile sauti yake ya chini, je, asiporudi?

"Nitajibu mimi. Lakini mdogo wangu atarudi."

Mwenyekiti akasaini. Akamwambia katibu aandike kwamba mdhamini amekubaliwa, uhusiano: ndugu, na asiongeze kitu. Nje, kwenye ngazi za ofisi, nilikaa chini. Nilikuwa nampenda na namwogopa. Nilimuuliza alipata wapi ujasiri ule, naye akasema njaa, hebu twende kwa bibi kabla chakula hakijaisha.

Vyuo viwili vilinikataa kwa adabu. Cha Uingereza kilinikubali, na katika barua yao waliuliza kama ninaweza kuwafafanulia tofauti kati ya mjomba na baba mdogo. Niliondoka na chupa ya asali ya kwetu na mlenda mkavu uliopondwa, ambao forodhani waliufungua na kuunusa kwa wasiwasi mkubwa. Mwaka wangu wa pili huko, nikiwa nimeanza kusoma herufi za Kichina kwa shida kama mtoto wa chekechea, nilikipata kile kisa katika maktaba. Niliweka kidole chini ya neno. Lilikuwa ni shushu. Nilimwandikia Zuhura kadi yenye maneno matatu tu, ni baba mdogo, na aliniambia baadaye kwamba alimtafuta Paskalina, aliyekuwa tayari ameolewa Ikungi, akamsomea kadi ile sokoni, na Paskalina akasema alikuwa anajua.

Nilirudi. Watu wengi wa rika langu waliopata nafasi hawakurudi, nami siwalaumu, lakini kila nilipojaribiwa kubaki nilimwona mtu amesimama mbele ya kamati na baibui lake. Baadaye kila mmoja alikuwa na nyumba yake na mambo yake, mimi mji mwingine, yeye Singida palepale, na bado nikimpigia simu hakuanza kuongea mpaka nimwamkie. Mara ya mwisho, sauti imeshakuwa ndogo, nilisema shikamoo na yeye akaitikia marahaba akakaa kimya kabisa, na mimi nikadhani simu imekatika.

Haya yote yalinipitia pale mlangoni, binti amenishika mkono, anasubiri. Alikuwa na macho ya Zuhura, ni mjukuu wake. Kwa hisani akanisaidia, akauliza kama labda nilisoma naye, au nilifanya naye kazi. Nikamwambia mimi ni mdogo wake. Alinitazama, msalaba mdogo shingoni, uso wa Kinyaturu usioweza kusingiziwa, na mimi nikaona kwamba amerithi pia ile tabia ya kutoacha neno lipite bila kuulizwa.

"Mdogo wake yupi, bibi? Wa tumbo moja?"

"Wa sufuria moja," nikasema.

Kisha akageukia wale wanawake waliokuwa wameziba ukumbi, akawaambia wampishe bibi mdogo apite. Wakajikunja, wakavuta miguu, na mmoja akanipokea mkoba. Nikavua viatu, nikapita katikati yao mpaka chumba cha ndani, nikakaa na wafiwa, nikalia.